Kuhesabu, Kukadiria na Kukisia: Mihuri ya Kupigia Sarafu na Wingi wa Fedha ya Wagiriki wa Kale

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna wanahistoria wanavyokadiria wingi wa sarafu za fedha zilizotolewa na dola za Ugiriki ya kale kwa kuchunguza mihuri iliyotumika kuzipiga. Hoja kuu ni kwamba kinachoitwa kwa jina moja "makadirio" kwa hakika ni hatua nne zenye uimara usiolingana: kuhesabu mihuri inayoonekana kwenye sarafu zilizobaki; kukadiria mihuri yote iliyokuwapo; kukisia sarafu zilizotolewa na kila muhuri; na kufasiri jumla hiyo kuwa matumizi ya dola. Makala yanaonyesha kuwa hatua mbili za kwanza zina misingi thabiti ya takwimu, misingi ambayo wanaisimu nao wanaitumia katika kukadiria msamiati, ilhali hatua ya tatu inaegemea ushahidi mchache mno. Inapendekezwa kwamba uandishi wa historia kwa Kiswahili utunze tofauti ya vitenzi "kuhesabu", "kukadiria" na "kukisia", ili msomaji ajue kila tarakimu imetoka katika hatua ipi.

1.0 Utangulizi

Hakuna dola ya Ugiriki ya kale iliyotuachia daftari la kiwanda chake cha sarafu linaloonyesha, mwaka baada ya mwaka, ni fedha kiasi gani iliingia na ni sarafu ngapi zilitoka. Tulichoachiwa ni sarafu zenyewe. Zimetawanyika katika makumbusho na katika mikusanyo ya watu binafsi, na nyingine zinaendelea kufukuliwa ardhini. Hata hivyo, maswali makubwa ya historia ya uchumi wa Ugiriki yanategemea kiasi hicho tusichokuwa nacho. Je, Athens iligharimia meli zake za vita kwa fedha mpya kutoka migodi ya Laurion, au kwa fedha ya zamani iliyozunguka mikononi mwa watu? Je, mfalme fulani alipoongeza sarafu alikuwa anajiandaa kwa vita, au alikuwa anabadilisha tu sarafu chakavu? Bila kujua wingi, majibu hubaki simulizi.

Njia iliyobuniwa kuziba pengo hilo ni kuitazama sarafu kama alama iliyoachwa na chombo. Kila sarafu ya kale ilipigwa kati ya mihuri miwili iliyochongwa kwa mkono, na kwa kuwa mkono wa mchongaji haurudii kazi yake kwa usahihi kamili, kila muhuri una sura yake. Mtafiti akizipanga sarafu kwa kufuata mihuri, anaweza kujua mihuri mingapi ilitumika, kisha akaizidisha kwa idadi ya sarafu ambazo muhuri mmoja ungeweza kutoa. Matokeo huandikwa kwa malaki au kwa mamilioni.

Mwandishi wa makala haya ni mtafiti wa lugha. Sababu za kuingia katika uwanja huu ni mbili. Kwanza, hisabati inayotumika kukadiria mihuri ambayo haijaonekana ndiyo hiyo hiyo inayotumika kukadiria maneno ambayo hayajaonekana katika mkusanyiko wa matini. Pili, tatizo kubwa la makadirio haya liko katika namna yanavyosemwa zaidi ya namna yanavyokokotolewa. Tarakimu hutoka mikononi mwa mtaalamu ikiwa na masharti yake, ikapita katika kitabu cha jumla ikiwa imepoteza nusu ya masharti hayo, na mwishowe ikamfikia mshauri wa sera au mwalimu ikiwa imesimama peke yake kama jambo lililothibitishwa. Hasara hiyo hutokea ndani ya lugha, na ndani ya lugha inaweza kuzuiwa.

2.0 Istilahi: Fedha, Sarafu, Kalibu na Muhuri

Kabla ya kuendelea, ni vyema kuweka wazi istilahi nne. Neno "fedha" katika Kiswahili, lenye asili ya Kiarabu, lina maana mbili: madini meupe yenye thamani, na pesa kwa jumla. Hali hii si ya Kiswahili peke yake. Kigiriki cha kale kilitumia neno lake la madini hayo kwa maana ya pesa, na Kifaransa hufanya vivyo hivyo hadi leo. Kwa mada yetu, hata hivyo, utata huu una gharama. Mtu anaposoma kwamba mji fulani ulilipa "fedha", hajui kama ulilipa sarafu au vipande vya madini vilivyopimwa kwenye mizani. Katika makala haya, "fedha" ni madini, na "sarafu" ni kipande cha madini hayo kilichopigwa alama ya dola.

Istilahi ya tatu ni "kalibu". Neno hili hutaja chombo ambacho ndani yake madini yaliyoyeyushwa humiminwa yakapata umbo. Sarafu za Kigiriki kwa kawaida hazikupata sura yake kwa kumiminwa, zilipigwa. Kwa hiyo kukiita chombo kilichozipa sura "kalibu" ni kumpotosha msomaji kuhusu ufundi wenyewe. Tunapendekeza neno "muhuri", kwa kuwa muhuri ni chombo kilichochongwa sura kinyume, nacho huacha sura hiyo kwenye kitu kingine kwa kugandamizwa.

Kwa vile kila sarafu ilihitaji mihuri miwili, tunaitofautisha kwa kazi yake. Wa kwanza ulikazwa kwenye fuawe, nao tutauita "muhuri wa fuawe". Wa pili ulishikwa juu ya kipande cha fedha na kupigwa kwa nyundo, nao tutauita "muhuri wa nyundo". Majina haya yanabeba pia sababu ya tofauti ya maisha yao: muhuri wa nyundo ulipokea pigo moja kwa moja, hivyo kwa kawaida ulichakaa au kupasuka mapema, wakati muhuri wa fuawe ulikingwa na kipande cha fedha kilichokuwa juu yake. Ndiyo maana watafiti wengi huhesabu kwa kutumia mihuri ya fuawe.

3.0 Hatua ya Kwanza: Kuhesabu Mihuri Inayoonekana

Namna ya kutambua muhuri si ngeni kwa mtu aliyewahi kushughulika na nyaraka za ofisi. Muhuri wa mpira wa ofisi ukipata ufa kwenye herufi moja, kila barua itakayogongwa baada ya siku hiyo itakuwa na ufa huo. Barua mbili zilizopatikana katika majalada tofauti, zenye ufa ule ule mahali pale pale, zimegongwa kwa muhuri mmoja. Tena, ikiwa ufa kwenye barua ya pili ni mrefu zaidi, tunajua ipi ilitangulia.

Mtafiti wa sarafu hufanya vivyo hivyo. Huangalia umbali kati ya jicho na pua ya mungu aliyechongwa, idadi ya mikunjo ya nywele, mahali herufi zilipoanzia, na mikwaruzo iliyojitokeza kadiri muhuri ulivyotumika. Kwa kuwa mihuri ya nyundo ilibadilishwa mara nyingi zaidi, muhuri mmoja wa fuawe huweza kuonekana ukiwa umeshirikiana na kadhaa ya nyundo, na baadhi ya hiyo ikashirikiana na muhuri mwingine wa fuawe. Minyororo hiyo humwezesha mtafiti kupanga utaratibu wa utoaji. Kazi ya Margaret Thompson (1961) kuhusu sarafu za fedha za Athens za kipindi cha Uyunani wa baadaye ni kielelezo cha ukubwa wa juhudi inayohitajika: maelfu ya sarafu kutoka mikusanyo mingi, zikilinganishwa moja baada ya nyingine.

Hatua hii ni ya kuhesabu kwa maana halisi. Makosa yanaweza kutokea, kwa mfano pale sarafu iliyosugulika inaposhindwa kutambulika, lakini mtafiti mwingine anaweza kurudia kazi na kuirekebisha. Tarakimu inayopatikana ni tarakimu ya kitu kilichoonwa.

4.0 Hatua ya Pili: Kukadiria Mihuri Ambayo Haijaonekana

Sarafu zilizobaki ni sehemu ndogo sana ya zilizopigwa, nyingi ziliyeyushwa. Kwa hiyo ipo mihuri ambayo haikuacha hata sarafu moja mikononi mwetu. Itakadiriwaje?

Ufunguo ni marudio. Ikiwa sarafu nyingi zinaendelea kutuletea mihuri ambayo tumeshaiona, basi iliyobaki bila kuonekana ni michache. Ikiwa karibu kila sarafu mpya inakuja na muhuri mpya, basi safari bado ni ndefu. Hoja hii ilipewa umbo la hisabati na I. J. Good mwaka 1953, akiendeleza wazo la Alan Turing ambaye alifanya naye kazi ya kuvunja misimbo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa ufupi, idadi ya vitu vilivyoonekana mara moja tu, ikigawanywa kwa jumla ya sampuli, inakaribia uwezekano kwamba kitu kitakachofuata kitakuwa kipya.

Wanaisimu wanaitambua hoja hii. Mwaka 1976 Bradley Efron na Ronald Thisted waliitumia katika matini za Shakespeare. Matini hizo zina maneno 884,647 kwa jumla, yenye aina 31,534 za maneno, na kati ya aina hizo 14,376 zimetokea mara moja tu. Kwa kanuni ya Good, uwezekano kwamba neno linalofuata litakuwa jipya ni takriban asilimia 1.6. Hata hivyo, watafiti hao walikadiria kwamba mwandishi huyo alijua angalau maneno 35,000 zaidi ambayo hakuyatumia. Matokeo hayo mawili hayapingani. Maneno yasiyoonekana ni mengi kwa idadi, lakini kila moja ni adimu kwa matumizi. Mtafiti anayeunda kongoo ya Kiswahili hukutana na hali hiyo hiyo kila siku.

Katika taaluma ya sarafu, kanuni hizi zilifafanuliwa hasa na Giles Carter (1983) na Warren Esty (1986, 2006). Tuchukue mfano wa kubuni ili kuona zinavyofanya kazi. Tuseme mtafiti ana sarafu 200 za aina moja. Amezipanga na kupata mihuri 50 ya fuawe, na 12 kati yake imeonekana kwenye sarafu moja moja tu. Ikiwa tutadhani kwamba mihuri yote ilitoa idadi sawa ya sarafu, basi hesabu itatuambia mihuri yote ilikuwa takriban 51. Lakini dhana hiyo si ya kweli, kwani mihuri mingine hupasuka siku ya kwanza. Tukiruhusu maisha ya mihuri yatofautiane sana, tunaweza kutumia kanuni rahisi: zidisha sarafu kwa mihuri iliyoonekana, kisha gawanya kwa tofauti kati ya namba hizo mbili. Yaani 200 mara 50, gawanya kwa 150, nasi tunapata takriban 67.

Tofauti ya 51 na 67 inaweza kumtia msomaji wasiwasi, lakini kuna jambo la kutuliza. Mihuri 12 iliyoonekana mara moja, ikigawanywa kwa sarafu 200, inatupa asilimia 6. Maana yake ni kwamba mihuri tuliyoiona ilitoa takriban asilimia 94 ya sarafu zote za aina hiyo. Ile 17 isiyoonekana ni robo ya mihuri yote 67, lakini mchango wake ni mdogo, kwa sababu kwa sehemu kubwa ni mihuri iliyovunjika mapema. Kama ilivyo kwa maneno adimu, kilichotupita ni kingi kwa majina na kidogo kwa uzito.

Sharti moja halina budi kutajwa. Kanuni hizi zinadhani kwamba sampuli imechotwa bila upendeleo. Hazina moja iliyofukiwa ardhini huweza kuvunja sharti hilo, kwa kuwa mtu aliyefukia huenda alipokea sarafu nyingi kwa mkupuo kutoka kiwandani, zote zikiwa za mihuri michache. Sampuli nzuri hutoka katika vyanzo vingi. Sharti hilo likizingatiwa, matokeo ya hatua hii yanastahili kuitwa makadirio: yana kanuni, yana dhana zilizo wazi, na yana mipaka ya makosa inayoweza kutajwa.

5.0 Hatua ya Tatu: Kukisia Sarafu kwa Kila Muhuri

Hapa ndipo ardhi inapoanza kutitia. Muhuri mmoja wa fuawe ulitoa sarafu ngapi? Namba hiyo, ambayo tutaiita "kizidisho", imetafutwa kwa njia kuu mbili.

Njia ya kwanza ni majaribio. D. G. Sellwood (1963) alitengeneza mihuri kwa kufuata ufundi wa kale, akapiga vipande kwa nyundo, na kukadiria kwamba muhuri wa fuawe ungeweza kutoa sarafu kati ya 10,000 na 16,000. Jaribio hilo ni la thamani, lakini linajibu swali la chombo kinaweza kustahimili nini. Halijibu swali la mafundi wa kale walikitumia kiasi gani.

Njia ya pili ni kutafuta mahali ambapo maandishi na sarafu vinakutana. Kwa Ugiriki mahali hapo panajulikana zaidi ni Delphi. Baada ya vita vilivyomalizika mwaka 346 KK, Wafokisi waliokuwa wametwaa mali ya patakatifu pa Apollo walitozwa faini, ambayo mwanzoni ilikuwa talanta 60 kwa mwaka. Malipo yalikuja katika sarafu za aina mbalimbali. Mwaka 336 KK, baraza la makabila lililosimamia patakatifu hapo liliamua kuyeyusha sarafu hizo na kupiga zake, zenye kichwa cha Demeter aliyejifunika ushungi upande mmoja, na Apollo ameketi kwenye jiwe la kitovu upande wa pili. Hesabu za watunza hazina zilichongwa kwenye mawe, na vipande vyake vimebaki. Vinataja, pamoja na mengine, upungufu wa fedha uliotokana na kuyeyusha na kupiga upya. E. J. P. Raven (1950) alikuwa ameichunguza mihuri ya sarafu hizo, na Philip Kinns (1983) akairejelea mada hiyo kwa kuoanisha mihuri na hesabu za mawe. Alihitimisha kwamba kila muhuri wa fuawe ulitoa stata kati ya takriban 23,000 na 47,000.

Tuutazame ushahidi huu kwa utulivu. Delphi ndiko tunakopata mwanga kuliko mahali pengine popote katika Ugiriki ya kale, na hata huko kiwango cha juu ni maradufu ya kiwango cha chini. Zaidi ya hayo, utoaji wa Delphi ulikuwa wa mara moja, kwa kazi maalumu, wa stata zenye uzito wa takriban gramu 12. Kuuchukua kizidisho chake na kuutumia kwa tetradrakma za Athens za gramu 17 zilizopigwa kwa vizazi kadhaa ni uhamisho unaohitaji kutetewa.

Uhamisho huo umefanywa mara nyingi hata hivyo, na si kwa Ugiriki peke yake. Michael Crawford (1974), katika kazi yake kubwa kuhusu sarafu za Jamhuri ya Roma, alitumia kizidisho cha 30,000 na kulinganisha matokeo na matumizi ya dola. Theodore Buttrey alipinga vikali katika makala mbili za mwaka 1993 na 1994. Hoja yake ilikuwa kwamba hatujui kama mihuri ilitumika hadi kuchakaa, kwamba mihuri ilitofautiana mno katika maisha yake, na kwamba wastani usiokuwa na ushahidi nyuma yake hauwi ushahidi kwa kurudiwarudiwa. Kumbukumbu za viwanda vya sarafu vya Uingereza katika karne ya 13 na ya 14, ambako mihuri na sarafu viliandikwa, zinaunga mkono sehemu ya hoja hiyo, kwani zinaonyesha wastani ukipanda na kushuka sana baina ya vipindi.

François de Callataÿ alimjibu mwaka 1995 kwa kutafuta mizani. Alikubali kwamba muhuri mmoja mmoja hautabiriki, lakini akasisitiza kwamba mihuri ikiwa mingi, tofauti hizo huelekea kufidiana, na kwamba vyanzo vilivyopo vinaashiria makumi ya maelfu na wala si mamia wala malaki. Kwa maoni yetu, wote wawili wana haki, kwa sababu hawazungumzii kitu kimoja. Buttrey anakataa tarakimu mahususi, na de Callataÿ anatetea kiwango cha jumla.

Turudi kwenye mfano wetu ili tuone uzito wa tofauti hizo. Mihuri 51 kwa kizidisho cha 10,000 inatupa sarafu 510,000. Mihuri 67 kwa kizidisho cha 47,000 inatupa sarafu 3,149,000. Jumla ya pili ni zaidi ya mara sita ya ile ya kwanza. Tukichambua, hatua ya pili ilichangia tofauti ya mara 1.3 tu; hatua ya tatu ilichangia mara 4.7. Aidha, hatua hizo haziachani kabisa: ikiwa tumefika 67 kwa kudhani kwamba mihuri mingi ilivunjika mapema, hatuna haki ya kuipa yote maisha ya muhuri uliodumu. Ni wazi basi kwamba juhudi ya kuboresha kanuni za takwimu, ingawa ni ya lazima, haitaondoa shaka iliyoko kwenye kizidisho.

6.0 Hatua ya Nne: Kufasiri Sarafu kuwa Matumizi ya Dola

Msomaji anaweza kuuliza: tofauti ya mara sita ina madhara gani? Kipimo kizuri ni jeshi la majini. Meli ya vita ya Athens ilibeba watu wapatao 200. Kila mmoja akilipwa drakma moja kwa siku, kwa siku 30 zinahitajika drakma 6,000, yaani talanta moja. Thucydides anathibitisha kiwango hicho anapoeleza kwamba mwaka 415 KK wajumbe wa Segesta walileta talanta 60 ziwe mshahara wa mwezi mmoja wa meli 60.

Talanta moja ni tetradrakma 1,500. Kwa hiyo sarafu 510,000 za mfano wetu, zikiwa tetradrakma, ni talanta 340, na sarafu 3,149,000 ni talanta 2,100 hivi. Kwa kizidisho cha chini, mihuri yetu iligharimia meli 60 kwa muda usiofika miezi sita. Kwa kizidisho cha juu, iligharimia meli hizo hizo kwa takriban miaka mitatu. Historia mbili tofauti zinaweza kuandikwa kutokana na sarafu zile zile 200.

Simulizi ya Segesta ina funzo jingine, nalo linaturudisha kwenye istilahi. Thucydides anasema waziwazi kwamba talanta hizo 60 zilikuwa za fedha isiyopigwa alama. Mshahara wa wanamaji ulianza safari yake ukiwa madini, nje ya kiwanda chochote. Kinyume chake pia ni kweli: sarafu moja iliyopigwa ingeweza kulipwa na dola, ikarudi kama kodi au ushuru, na kulipwa tena mara nyingi. Nayo sarafu mpya haikuwa lazima itokane na fedha mpya, kama Delphi inavyoonyesha, ambapo sarafu za zamani ziliyeyushwa na kupigwa upya. Kwa sababu hizo, utoaji wa sarafu hauwi sawa na matumizi ya dola hata kama tungeujua kwa hakika. Tafsiri ya Kiswahili inayoandika "fedha" katika kila mahali bila kutofautisha madini na sarafu humficha msomaji jambo hili hasa.

7.0 Ulinganisho Usiohitaji Kizidisho

Je, tuache kazi yote? Hapana. Yapo maswali ambayo mihuri huyajibu vizuri bila kizidisho. Tukilinganisha vipindi viwili vya kiwanda kimoja, kinachopiga sarafu za aina moja kwa ufundi ule ule, kizidisho kisichojulikana kiko pande zote mbili za mlinganyo, nacho hujifuta. Kama kipindi cha kwanza kilitumia mihuri 10 na cha pili mihuri 40, tunaweza kusema utoaji uliongezeka takriban mara nne, bila kujua kila muhuri ulitoa sarafu ngapi. Sharti ni kwamba mazoea ya kiwanda hayakubadilika kati ya vipindi hivyo.

Mfano mzuri ni sarafu za Mithridates wa Sita, mfalme wa Ponto. Tetradrakma zake nyingi zina tarehe ya mwaka na mwezi. De Callataÿ (1997) alipanga mihuri yake kwa kufuata tarehe hizo, na akaonyesha kwamba utoaji haukuwa wa kila siku wala wa kiwango kimoja. Vilele vyake vilikwenda sambamba na maandalizi na mapigano ya vita dhidi ya Roma. Hitimisho hilo halitegemei kama muhuri ulitoa sarafu 10,000 au 40,000. Linategemea hesabu na makadirio, yaani zile hatua mbili zilizo imara.

Uwezekano huo unagusa pia pwani yetu. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, ilifukuliwa hazina yenye zaidi ya sarafu ndogo 2,000 za fedha, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa Kiislamu wa eneo hili, pamoja na dinari chache za dhahabu. Kwa sarafu zilizopigwa, maswali ya mihuri ni yale yale. Tahadhari nayo ni ile ile: hiyo ni hazina moja, iliyokusanywa na mikono ambayo hatuijui, na marudio ya mihuri ndani yake hayawezi kusomwa kana kwamba sarafu ziliokotwa moja moja kutoka sehemu mbalimbali za pwani. Ulinganisho wa majina ya watawala na mihuri yao unaweza kutufundisha mengi. Jumla ya mamilioni isingetufundisha lolote la kutegemewa.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba safari ya kutoka sarafu iliyo mezani hadi bajeti ya dola ya kale ina hatua nne, na kwamba kila hatua inastahili kitenzi chake. Mihuri inayoonekana huhesabiwa. Mihuri yote iliyokuwapo hukadiriwa. Sarafu kwa kila muhuri hukisiwa. Matumizi ya dola hufasiriwa. Kiswahili kinavyo vitenzi hivi vyote, navyo vinatofautiana vya kutosha kubeba tofauti hiyo. Kinachokosekana ni mazoea ya kuvitumia kwa uangalifu.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, waandishi na wafasiri wa historia ya uchumi wasitoe jumla ya sarafu bila kutaja idadi ya mihuri na kizidisho kilichotumika, ili msomaji aweze kukibadilisha mwenyewe. Pili, pale swali linapojibika kwa ulinganisho, ulinganisho utangulizwe mbele ya jumla. Tatu, istilahi "muhuri wa fuawe" na "muhuri wa nyundo" zijadiliwe na vyombo vya istilahi vya kanda hii pamoja na utofautishaji wa "fedha" na "sarafu", kwa kuwa bila istilahi hizo hoja yenyewe haiwezi kufundishwa kwa Kiswahili bila kuchanganya.

Kwa washauri wa sera, funzo halihusu Ugiriki peke yake. Takwimu nyingi zinazowafikia zimejengwa kwa namna hii hii: sampuli iliyohesabiwa, jumla iliyokadiriwa, na mahali fulani katikati kizidisho ambacho mtu alikiazima kutoka mahali pengine. Anayepokea tarakimu hana budi kuuliza kizidisho hicho kiko wapi na kilitoka kwa nani. Ikiwa jibu ni Delphi, mwaka 336 KK, inafaa ajue.